Chama kinafuatilia, na siku 90 zinapita

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo nimelishuhudia kwa karibu kwa miaka mingi. Watumishi wa umma ambao ni wanachama halali wa vyama vya wafanyakazi hufutwa kazi kinyume cha sheria, hupeleka madai yao, kisha hushindwa, si kwa sababu mwajiri alikuwa na haki, bali kwa sababu walichelewa au walibisha mlango usiokuwa wao. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kazini kwa miaka 17, kwanza chini ya baraza la mji na baadaye, ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, chini ya serikali ya kaunti iliyoturithi. Sitaitaja ofisi niliyoitumikia wala chama nilichokiwakilisha, maana haya ninayoyaeleza nimeyasikia vilevile kutoka kwa wenzangu wa Kisumu, Kakamega na Bungoma, na sioni faida ya kumnyooshea mmoja kidole ilhali desturi ni ya wengi.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ngumu katika madai ya namna hii ni kuthibitisha kwamba mfanyakazi alionewa. Kwa uzoefu wangu hilo ndilo jepesi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeyaweka mambo wazi kiasi kwamba hata mtu asiye wakili anaweza kuisoma akaielewa. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au udhaifu wa kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize maelezo ya wote wawili ndipo aamue. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu aliyoitoa, na akishindwa, kufuta kazi huko huhesabiwa kuwa si kwa haki. Kifungu cha 46 kinakataza kumfuta mtu kwa ajili ya uanachama wake katika chama, au kwa kushiriki mgomo uliofuata sheria. Juu ya hayo yote, Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 236, inasema kwamba mtumishi wa umma hawezi kufutwa, kuondolewa ofisini wala kushushwa cheo bila utaratibu wa kisheria kufuatwa. Mchuma maua wa kampuni binafsi kule Naivasha hana ngao hiyo ya mwisho. Mtumishi wa umma anayo, na bado ndiye niliyemwona mara nyingi akirudi nyumbani mikono mitupu.

Nitatoa mfano mmoja. Palikuwa na mzee aliyefagia soko kwa miaka 22. Barua ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu aliipokea siku ya Ijumaa saa kumi jioni, akitakiwa kufika Jumatatu saa tatu asubuhi, na kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza, ilimbidi amngoje mjukuu wake arudi kutoka shuleni ndipo amsomee. Shtaka lilikuwa kutokuwapo kazini kwa siku 6. Alinichagua niketi naye. Chumbani mlikuwa na wajumbe watano, chupa mbili za chai na sahani ya mandazi, ambayo mwenyekiti aliisukuma upande wetu kwa ukarimu, nami sina ubaya na mandazi yale. Kisha akasoma shtaka kwa Kiingereza. Niliinua mkono, nikasema, "Bwana Mwenyekiti, tunaomba asomewe kwa Kiswahili. Sheria ndivyo inavyotaka." Akatazamana na jirani yake, halafu akamgeukia mshtakiwa na kumwambia, "Mzee, hapa tunaambiwa ulitoroka kazi." Hiyo ndiyo iliyokuwa tafsiri ya kurasa mbili.

Mzee akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, akaikunjua taratibu na kuiweka mezani. Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea. Ilikaa pale kando ya bakuli la sukari hadi tulipoinuka, na mimi ndiye niliyemrudishia. Karani alipofungua faili ili aandike kumbukumbu za kikao, niliona chini ya karatasi zake barua ya kumfuta kazi, imekwisha kutiwa sahihi na kupigwa mhuri, na tarehe yake ilikuwa ya Alhamisi iliyotangulia, yaani siku moja kabla hata hajaitwa kujitetea. Kikao kilichukua dakika 11. Nilitazama saa tulipoingia na tulipotoka.

Anayeijua sheria ataona kwamba kesi ile ilikuwa imeiva. Notisi ilikuwa fupi, lugha haikuwa yake, ushahidi wake haukusomwa, na uamuzi ulikuwa umefikiwa kabla ya kikao. Mahakama zetu zimesema tena na tena kwamba kufuta kazi kwa haki kunahitaji mambo mawili kwa pamoja, sababu ya kweli na utaratibu wa haki, na kwamba kukosekana kwa kimoja kunaharibu kingine. Hapa vilikosekana vyote viwili.

Mzee alifanya kama tulivyofundishwa sote: alikwenda chamani. Katibu wa tawi aliipokea barua yake, akamwambia, "Nenda upumzike mzee wangu, chama kinafuatilia." Na ni kweli kwamba chama kilifuatilia, kwa namna yake. Kilimwandikia mwajiri barua ya kupinga. Baada ya mwezi na nusu bila jibu kikaandika nyingine ya kukumbusha. Mwajiri akajibu kwa mistari mitatu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Katibu akaomba kikao, akapewa tarehe, na tarehe ikaahirishwa kwa kuwa mkuu wa idara alikuwa kwenye warsha. Mwezi wa sita ulipoingia, mzee alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wake wa maziwa, na hakuna hata karatasi moja iliyokuwa imepelekwa Wizara ya Leba wala Tume ya Utumishi wa Umma. Mwishowe wanawe walichanga pesa, wakamtafuta wakili, wakaenda mahakamani. Mawakili wa mwajiri hawakuigusa kabisa habari ya dakika 11. Walileta pingamizi la awali la kurasa chache kwamba mlalamishi hakukata rufaa kwa Tume kwanza, na kesi ikaondolewa bila mtu yeyote kuuliza kama siku zile 6 alikuwa mgonjwa au la.

Ndiyo maana naona kwamba tatizo letu liko kwenye kalenda. Kwa mtumishi wa kaunti aliye katika chama, barua ya kufutwa kazi hufungua milango mitatu siku ileile, na yote mitatu hufungwa baada ya muda unaokaribiana. Mlango wa kwanza ni wa chama chenyewe: Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007, kifungu cha 62, inataka mzozo unaohusu kufutwa kazi uripotiwe kwa Waziri wa Leba katika muda wa siku 90, naye ateue msuluhishi katika siku 21, na msuluhishi apewe siku 30 za kuwapatanisha kabla ya suala kwenda mahakamani. Mlango wa pili ni wa mfanyakazi mwenyewe: Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 77, inampa nafasi ya kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma kwa maandishi, nayo pia ni siku 90 tangu uamuzi ulipotolewa. Mlango wa tatu ni wa afisa wa leba, ambaye kwa mujibu wa kifungu cha 47 cha Sheria ya Ajira hupelekewa malalamiko katika miezi mitatu. Barua ya chama kwa mwajiri haimo katika orodha hiyo. Unaweza kumwandikia mwajiri barua 40 na usiwe umefungua mlango hata mmoja.

Mlango wa pili ndio unaowamaliza watu wetu, kwa sababu wengi hawajui kwamba upo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi iliyotoka Wajir, kwamba mtumishi wa kaunti anayelalamikia uamuzi wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, inayosimamia ajira na nidhamu ya watumishi wa kaunti, sharti apitie kwanza kwa Tume kabla ya kwenda kortini. Mwaka huohuo Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma, katika kifungu cha 87, ikalikaza jambo hilo kwa maneno yasiyo na utata. Tangu wakati huo, mfanyakazi wa kaunti anayekimbilia mahakamani moja kwa moja anampa mwajiri wake silaha ambayo mwajiri hakuitafuta. Ni kweli kwamba Waziri na Tume wanaweza kupokea lililochelewa kukiwa na sababu nzuri. Hata hivyo, kumngoja katibu wa tawi si sababu ambayo ningependa kuisimamia mbele ya mtu yeyote. Walimu wana utaratibu wao chini ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, kwa hiyo hawamo katika maelezo haya ya mlango wa pili.

Lipo kosa jingine ambalo huwapata hasa wanaoshughulika na pesa za umma. Dada mmoja aliyekuwa karani wa ushuru alishtakiwa kortini kwa wizi wa makusanyo ya siku, akafutwa kazi mwezi huohuo. Kila aliyemshauri, na mimi nikiwa mmoja wao, naungama, alimwambia angoje kesi ya jinai iishe, kwa kuwa akiachiliwa huru mwajiri hatakuwa na la kusema. Kesi ilichukua miaka minne. Siku aliyoachiliwa alinijia nyumbani na nakala ya hukumu ndani ya mfuko wa plastiki, akiwa bado amevaa nguo za kanisani alizozivalia korti, akaniuliza, "Sasa mzee, narudi kazini lini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Sheria ya Ajira inatoa miaka 3 tu ya kufungua kesi, na muda huo huanza kuhesabiwa siku mtu anapofutwa. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kulisema hilo waziwazi mwaka 2016, katika kesi ya watumishi wa serikali waliokuwa wamefanya vilevile: walingoja kesi ya jinai imalizike, wakashinda huko, na walipokwenda kudai kazi yao wakaambiwa muda umepita. Isitoshe, hata ambaye hajachelewa haimpasi kutegemea sana kuachiliwa kwake, kwani mahakama huichukulia kesi ya jinai na suala la nidhamu kazini kuwa mambo mawili tofauti. Korti ya jinai huuliza kama wizi umethibitishwa pasipo shaka, ilhali mwajiri huulizwa kama alikuwa na sababu za kuridhisha za kuamini alivyoamini na kama alimsikiliza mtu kwa haki.

Mazungumzo nayo hayasimamishi saa. Hili nalisema kwa mkazo kwa kuwa mwajiri mwerevu analijua vizuri kuliko sisi. Atakuitia kikao, atakuagizia soda, atakuahidi kwamba bodi italitazama upya suala lako mwezi ujao, na mwezi ujao ukifika atakuahidi mwingine. Mwanachama anaona heshima na matumaini, naye mwenye kikao anahesabu siku.

Sasa nije kwa vyama, na naomba ndugu zangu viongozi wanivumilie, maana nimekula nao na najua shida zao. Katibu mmoja wa tawi hutakiwa kuhudumia eneo zima, pengine bila gari, bila wakili, na bila hata mashine ya kunakilisha karatasi isipokuwa ile ya dukani karibu na stendi. Vyama vimewafanyia watumishi wa umma mambo makubwa. Ni vyama, na si huruma ya waajiri, vilivyoleta mikataba ya maelewano ya pamoja, ambayo ikishasajiliwa mahakamani inakuwa sehemu ya mkataba wa kazi wa kila mmoja wetu, na mara nyingi ndani yake mna utaratibu wa nidhamu unaomlinda mfanyakazi kuliko hata sheria yenyewe. Wahudumu wa afya waliogoma mwaka 2017 na 2024 wanajua kwamba pasipo chama mtu mmojammoja angefagiliwa kama takataka.

Lakini ada hukatwa kila mwezi kutoka mshaharani bila kuchelewa hata siku moja. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba kimehakikisha hivyo, na hata wasio wanachama lakini wananufaika na mkataba wa pamoja hukatwa ada ya uwakala. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini chama kinachoweza kuhesabu siku za kupokea ada kinashindwa kuhesabu siku 90 za mwanachama aliyefutwa. Jibu ninalolipata halipendezi. Katika matawi mengi hakuna daftari la tarehe. Barua ya mwanachama huingia ndani ya faili, faili huwekwa juu ya faili, na linaloshughulikiwa kwanza ni la yule anayepiga simu mara nyingi zaidi. Kuna matawi pia ambako katibu na mkuu wa idara wamezoeana kupita kiasi, wakabebana kwenye harusi na matanga, hata kupeleka mzozo kwa Waziri kukawa kama utovu wa adabu. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa na kiongozi mmoja, kwa sauti ya upole kabisa, "Ndugu, mambo ya nyumbani hayapelekwi nje." Aliyefutwa kazi alikuwa amekwisha kutolewa nje ya nyumba hiyo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanachama hawaambiwi mapema, nalo ni kwamba hata ushindi una ukomo wake. Wengi wakisikia "kufutwa kinyume cha sheria" huwaza kurudi kazini siku inayofuata na kulipwa mishahara yote ya nyuma. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Ajira kinaweka fidia isiyozidi mshahara wa jumla wa miezi 12, pamoja na malipo ya notisi na haki nyingine alizostahili. Kurudishwa kazini kunawezekana, lakini sheria yenyewe inamtaka hakimu azingatie kwamba amri kama hiyo ni ya hali za pekee, na Sheria ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba ya mwaka 2011 inairuhusu tu ikiwa haijapita miaka 3 tangu mtu alipofutwa. Zingatia basi mwendo wa kesi zetu. Anayechelewa mwaka mmoja akizungushwa, kisha akangoja tarehe za kusikizwa, anaweza kuukuta uwezekano wa kurudi kazini umekwisha kabla hata hajapanda kizimbani kutoa ushahidi.

Na akishapewa hukumu ya pesa, safari haijaisha. Aliyemshinda mwajiri binafsi anaweza kumtuma dalali akachukue gari. Aliyeishinda serikali hawezi. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashtaka Dhidi ya Serikali kinazuia mali ya serikali kukamatwa, na tangu kilipofanyiwa marekebisho kinazilinda kaunti pia. Inamlazimu mshindi achukue cheti cha amri kutoka mahakamani, akifikishe kwa ofisi inayodaiwa, angoje, na isipolipa arudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa anayeshika fedha alipe, kisha, akiendelea kukaidi, aombe aadhibiwe kwa kuidharau mahakama. Ninamfahamu mama mmoja hapa Kaptembwa aliyeshinda madai yake akiwa na nywele nyeusi, na cheti chake cha amri bado kimo kabatini kwake, ndani ya Biblia, katika kitabu cha Ayubu. Aliniambia hakukichagua kitabu hicho kwa makusudi, ila mimi sikumwamini.

Najua waajiri watajibu kwamba vyama vinatetea wazembe na wezi, na kwamba mishahara hewa na ulegevu katika ofisi za umma vimetokana na ugumu wa kumfuta mtu. Sikatai kwamba wazembe wapo. Nimeketi kando ya baadhi yao nikiona haya kwa niaba yao. Lakini sheria haimkatazi mwajiri kumfuta mzembe. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kimeorodhesha makosa ambayo mtu anaweza kufutwa kwayo papo hapo bila notisi: kukosa kazini bila ruhusa, kulewa kazini, kukataa amri halali, kutukana wakubwa, kuiba. Kinachodaiwa ni kwamba hata huyo asikilizwe kwanza. Kumwandikia barua kwa Kiswahili kunachukua robo saa. Kumpa wiki moja ajiandae hakumgharimu mlipa ushuru kitu. Kuisoma karatasi ya hospitali iliyo kando ya bakuli la sukari kunachukua dakika mbili. Mwajiri asipoyafanya hayo na akashindwa mahakamani, fidia, gharama za wakili wake, gharama za wakili wa mfanyakazi na riba hulipwa na umma, huku waliokaa katika kamati ile wakiendelea na kazi zao na wengine wakipandishwa vyeo. Sijawahi kuona mjumbe wa kamati ya nidhamu akiulizwa, hata kwa barua, kwa nini uamuzi wake uliigharimu ofisi mshahara wa mtu wa mwaka mzima kwa kazi ambayo haikufanywa.

Ombi langu kwa vyama vinavyowakilisha wafanyakazi wa kaunti, wauguzi, maafisa wa kliniki na watumishi wengine katika eneo letu ni dogo na halihitaji mkutano wa wajumbe. Kila tawi liwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, utakaokabidhiwa mwanachama siku ileile anapoleta barua ya kutakiwa kujieleza, bila kungoja afutwe kwanza. Ukurasa huo uwe na nafasi ya kuandika tarehe ya barua ya kufutwa, na chini yake tarehe tatu zilizokwisha kuhesabiwa: ya mwisho ya kuripoti kwa Waziri, ya mwisho ya kukata rufaa kwa Tume, na ya mwisho ya kumwona afisa wa leba. Chini zaidi iandikwe tarehe ya kutimia kwa miaka 3, pamoja na onyo kwamba kesi ya jinai haiisogezi mbele. Mwanachama atie sahihi, katibu atie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Siku ya 30 katibu ajulishe kwa maandishi amefungua mlango gani, na kama hajafungua wowote, mwanachama apewe nyaraka zake zote akajitafutie njia akiwa bado na miezi miwili mkononi.

Nakala ya kwanza ya ukurasa huo nimeiandika mimi mwenyewe kwa mkono na kuichapishia hapa mjini kwa shilingi 10. Dada yule wa ushuru ndiye aliyenisaidia kuhesabu siku, kwa kuwa mimi hujichanganya miezi yenye siku 31. Viongozi wa matawi ya Nakuru ambao wangependa kuiona wanajua ninakopatikana asubuhi, na wa Kisumu na Kakamega nitawatumia wakiomba. Ningefurahi kuiona imebandikwa kwenye milango ya ofisi zao kabla ada ya mwezi ujao haijakatwa.

Mwakilishi mstaafu wa wafanyakazi,
Kaptembwa, Nakuru.